Tarakimu Kumi na Nane

Siku ya ishirini tangu mayai yawekwe, kabla jua halijachomoza, kidhibiti joto cha mashine ya kuangulia vifaranga kiligoma. Afadhali kingezima kabisa. Kiliganda pale pale kwenye kuwasha, taa nne za ndani zikawaka bila kupumzika, na kipimajoto kikaanza kupanda: thelathini na nane, thelathini na nane na nusu, thelathini na tisa. Mama Vifaranga aliruka kitandani, akauchomoa waya ukutani, akapiga magoti mbele ya kioo cha mashine. Joto liliposhuka hadi thelathini na saba akauchomeka tena. Likapanda. Akauchomoa.

"Basi ndiyo kazi ya leo," alisema.

Mumewe, kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Kiwembe, alisimama mlangoni na taulo begani, hajui ashike nini. Mashine ile ilichukua nusu ya chumba cha mbele. Ilikuwa kabati la mbao lililozibwa nyufa kwa sponji, na kila alipotaka kwenda jikoni ilimbidi apite ubavuubavu. Ndani yake mlikuwa na mayai mia mbili sitini na manne. Miaka yote mkewe aliangua mayai ya watu, wakaja na makasha yao kuchukua vifaranga wao. Safari hii, kwa mara ya kwanza, mayai yalikuwa yake. Alikuwa amemaliza akiba yake yote, hata ile ya kununulia viatu.

"Yakipikika haya," alisema bila kugeuka, "narudi kufulia watu nguo. Sina kingine."

"Hayatapikika. Si kile kipya kimeshafika?"

Kilikuwa kimefika kweli. Mama Vifaranga alianza kukishuku kile cha zamani tangu mayai ya mwezi uliopita, akaagiza kipya mtandaoni wiki tatu kabla. Jana yake meseji iliingia kwamba kifurushi kiko ghalani, kichukuliwe leo.

"Muda wa kuchukua nimeuweka kwenye jedwali," alisema. "Na namba ya kifurushi imo humo humo. Nakili vizuri. Usichelewe, baba. Kikipitiliza muda wake wanakirudisha kilikotoka."

"Mimi wa kuchelewa?"

Joto lilikuwa limefika thelathini na nane, na mkono wa mkewe ulikuwa tayari kwenye waya.

Jedwali hilo lililetwa nyumbani na dada yake Kiwembe, karani wa ofisi moja, mwanamke asiyeweza kuona soksi mbili bila kuzipanga. Aliwaletea laptopu iliyochoka ya ofisini kwao, akaifungua juu ya meza, akamketisha wifi yake. Walikuwa wamekwisha kumchosha. Mara ya kwanza waliagiza balbu zile zile mara mbili, kila mmoja kivyake. Mara ya pili Kiwembe alimfokea muuzaji kwenye simu kwa sababu ya kisu cha mashine ya kunyolea ambacho kumbe kilikuwa kimefika na kimewekwa kabatini, chini ya unga.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," dada mtu aliwaambia. "Hili ndilo daftari lenu. Kila mlichoagiza mstari wake: kitu, siku ya kuagiza, namba ya kifurushi, siku na saa ya kuchukua, kimefika au bado. Na wifi yangu, namba hizi ndefu uzitangulizie kialama hiki, kama mkato unaoning'inia juu. Ukikisahau, mashine itadhani ni hesabu."

"Na ikidhani ni hesabu?"

"Itakula mkia."

Mama Vifaranga hakuwahi kukisahau kile kialama. Ila kila aliyeshika jedwali lile alilishika kwa imani yake. Kiwembe, jioni moja aliporudi mapema kwa kuwa wateja walikuwa haba, aliamua kulipamba. Akatia mistari ya rangi ya bluu, akanenepesha vichwa vya safu. Akaona kwenye kona ya kila namba ya kifurushi kapembe kadogo ka kijani, akadhani ni uchafu wa mashine. Alipokabonyeza, mashine ikamuuliza kama abadilishe iwe namba. Akakubali, maana si ilikuwa namba? Vipembe vikatoweka. Akaita mkewe aone jinsi jedwali lilivyong'aa.

"Limependeza," mkewe alisema. Alilitazama kitambo, kama mtu aliyekuta kuta zimepakwa rangi na dirisha limepakwa pamoja nazo. Lakini mumewe alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyevaa sare mpya, na yeye hakuwa na moyo wa kumharibia. Akasema tena, "Limependeza sana."

Asubuhi ile Kiwembe alinakili namba kwenye kipande cha karatasi. Kwenye safu ya saa palisomeka 4:00. Akachukua koti lake, akaenda zake kazini, roho kunjufu, kwa kuwa ghala la vifurushi lilikuwa mitaa miwili tu kutoka kinyozini kwake na alikuwa na siku nzima mbele yake.

*

Saa tano kasorobo alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu mstaafu, mtu aliyetaka mvi zake zipunguzwe lakini zisionekane zimepunguzwa. Simu iliita.

"Umekipata?"

"Bado, mke wangu. Muda haujafika."

Alisikia waya ukichomolewa ukutani, tak.

"Muda gani haujafika?"

"Si saa kumi? Mbona una haraka hivyo?"

"Nani kakwambia saa kumi? Nimeandika saa nne!"

"Umeandika nne-sifuri-sifuri. Kwenye mashine nne-sifuri-sifuri ni saa kumi. Kila mtu anajua."

"Mimi nimeandika saa ya watu! Meseji ilisema kumi-sifuri-sifuri, nikasema hiyo ni saa nne, nikaandika nne. Ningeandika nini? Nageuza mayai saa moja, saa saba, saa moja, miaka minne, sijawahi kugeuza yai kwa saa ya mashine!"

"Sasa ungeandika 'asubuhi'..."

"Na wewe ungeuliza! Una mdomo wa kuuliza habari za dunia nzima, huna wa kuuliza saa?"

Kwenye kioo Kiwembe alimwona mwalimu akimtazama, kichwa upande mmoja kimekwisha, upande mwingine kama kichaka.

"Baba," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ndiyo maana ikamtisha. "Mkono wangu umeanza kufa ganzi. Tangu alfajiri nachomoa na kuchomeka. Kila dakika tatu. Nikikosea mara moja tu, yameiva. Nenda."

"Mwalimu, nisamehe," Kiwembe alisema, akaitua mashine ya kunyolea juu ya meza. "Mayai."

"Mayai?"

Lakini kinyozi alishatoka, na aproni yake imejaa mvi za mwalimu.

*

Ghala la vifurushi lilikuwa na dirisha moja linalofanya kazi na mengine mawili yaliyobandikwa tangazo la kwamba yatafanya kazi. Watu tisa walikuwa mbele yake. Kiwembe alijaribu kueleza shida yake kwa wa tisa, wa tisa akamwambia kila mtu hapa ana shida. Alipofika dirishani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Karani, msichana mwenye miwani na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alimtazama aproni kwanza.

"Hapa si saluni, kaka."

Waliokuwa nyuma walicheka. Kiwembe alisukuma kikaratasi chini ya kioo.

Karani aliingiza namba, akasubiri, akaingiza tena.

"Haipo."

"Ipo, dada yangu. Jaribu tena."

"Nimejaribu mara mbili." Alikigeuza kikaratasi kwake. "Hii namba inaishia na sifuri tatu. Namba zetu haziishii hivyo. Mmeitoa kwenye kompyuta, siyo? Mkaiacha ikawa hesabu?"

Kiwembe alisikia masikio yakimwaka. Aliviona vile vipembe vya kijani, kimoja kimoja, jinsi alivyovipangusa kwa furaha.

"Mashine ina uwezo wa kushika tarakimu kumi na tano," karani alisema, kwa sauti ya mtu anayelisema jambo hili kila siku. "Zinazobaki inaweka sifuri, basi. Hata uirudishe iwe maneno, zilizokwenda zimekwenda. Nenda kalete meseji yenye namba kamili."

"Simu ya mke wangu ni ya vitufe. Meseji zikijaa anazifuta, na ya jana haikuwa na namba."

"Basi kitambulisho cha mwenye mzigo."

"Mwenye mzigo yuko nyumbani. Hawezi kutoka."

"Kaka, vilivyokosa muda wa saa nne viko kwenye kizimba cha kurudishwa. Gari linaondoka saa saba. Kizimbani kuna vifurushi mia na ushei, vyote mifuko ya kijivu, nje hakuna kitu ila namba. Bila namba mimi nifanye nini, nivinuse?"

Wakacheka tena. Kiwembe alisogea pembeni ya dirisha, akampigia mkewe. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na aliona kwamba hata akitukanwa itakuwa haki.

"Mke wangu. Namba niliyokuja nayo ni mbovu. Nimeiharibu mimi, siku ile ya kupamba. Tarakimu tatu za mwisho zimeliwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliona siku ile ile. Leo nilikwambia nakili kwa mazoea tu, akili yangu yote iko kwenye joto. Nisamehe hapo."

Yeye ndiye aliyeombwa msamaha. Kiwembe aliegemea ukuta.

"Kwa hiyo hatuna namba," alisema.

"Tunayo. Ila siwezi kukutamkia."

"Kwa nini?"

"Siijui kwa mdomo. Kila siku asubuhi naituma kwenye namba yao ya meseji, wananijibu kifurushi kimefika wapi. Wiki tatu, kila siku, na simu hii haihifadhi ninazotuma. Jedwali lilipoharibika vidole vilikuwa vimeshaizoea, nikaendelea kuituma vivyo hivyo. Nikianza kuifikiria napotea. Kata simu. Ngoja nichomoe kwanza, nipate dakika yangu."

Alikata. Kiwembe alisimama na simu kiganjani. Aliwaza chumba kile, mkewe kwenye magoti, mkono mmoja kwenye waya, jicho kwenye kipimajoto, na kidole gumba cha mkono mwingine kikitembea bila kutazamwa juu ya vitufe vilivyofutika maandishi. Tarakimu kumi na nane! Yeye namba ya simu ya dada yake wa kuzaliwa hakuijua. Wiki tatu alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu aliyebeba kitu kama hicho mkononi, na hakuwa na habari.

Simu ikatetemeka. Meseji ilikuwa namba tupu, bila salamu.

Alirudi dirishani. Mtu aliyekuwa akihudumiwa alianza kulalamika, kisha akamtazama usoni, akampisha. Karani aliingiza tarakimu moja moja. Kioo cha kompyuta kiliwaka kwenye miwani yake.

"Ipo," alisema. Kisha akashangaa mwenyewe. "Ameitoa wapi?"

"Vidoleni."

"Vidoleni vipi?"

Kiwembe alimweleza. Akamweleza pia mashine, waya, taa nne, siku ya ishirini. Kwa mara ya kwanza tangu afike hakuna aliyecheka. Karani alisoma tena kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Jina ni la mwanamke. Na kimeshasainiwa kurudi. Kukitoa kizimbani lazima mwenyewe athibitishe, na mimi niandike sababu. Mpigie."

Kiwembe alipiga, akaweka sauti ya nje, akaisogeza simu kwenye tundu la kioo.

"Mama," karani alisema, "wewe ndiye mwenye mzigo? Niambie ndani kuna nini."

"Kidhibiti joto cha mashine ya kuangulia. Cheupe, kina kihisio chenye waya mrefu. Mwanangu, nakuomba. Wameshaanza kulia."

"Nani wameanza kulia?"

"Vifaranga."

"Si mumeo amesema ni mayai?"

"Subiri," Mama Vifaranga alisema. "Nakuwekea kwenye tundu la hewa. Usiongee."

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu kimya, halafu kutoka kwenye simu ya kinyozi ikaja sauti. Mwanzoni ilikuwa kama kutu kwenye bawaba, mbali sana. Kisha zikawa mbili, zikawa nyingi. Zilikuwa sauti nyembamba zinazoitana na kujibizana. Karani aliinama hadi paji la uso likagusa kioo. Mtu wa kwanza kwenye foleni akamnyamazisha wa pili, wa pili akamnyamazisha wa tatu, na ghala lote, pamoja na vijana wa kufunga vifurushi kwa gundi na wabeba-mizigo, likatulia likisikiliza viumbe ambao walikuwa hawajazaliwa bado.

"Wako ndani ya maganda?" karani aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndani kabisa," simu ilijibu. "Hawajatoboa hata mmoja. Wanaambiana kwamba muda umefika. Lazima nichomoe sasa, mwanangu. Joto linapanda."

Karani alivuta kalamu kutoka nywelani. Kwenye sehemu ya sababu aliandika kitu kifupi ambacho Kiwembe hakukiona, akainuka, akaenda kizimbani mwenyewe. Alichukua dakika saba. Aliporudi na mfuko wa kijivu usiozidi ukubwa wa mkate, aliupitisha dirishani kwa mikono miwili.

"Kimbia," alisema.

*

Kiwembe alikimbia. Alipopita kinyozini kwake alimwona mwalimu bado kakaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu kichwa, anasoma gazeti la juzi.

"Yamepona?" mwalimu aliita.

"Sijui bado!"

"Basi nenda, unasimama kwa nini?"

Nyumbani alimkuta mkewe pale pale alipomwacha. Nguo ya kulalia ilikuwa mwilini bado. Waya ulikuwa umemchora mstari mwekundu kiganjani, na mkono wa kulia alikuwa ameuacha, sasa alichomoa kwa wa kushoto. Hakumtazama mumewe. Alitazama kipimajoto.

"Bisibisi ile ndogo," alisema. "Nyuma ya redio."

Walifanya kazi bila maneno mengi, jambo ambalo kwa Kiwembe lilikuwa kama kufunga mfungo. Yeye alishika tochi na kuchomeka alipoambiwa chomeka. Mkewe alifungua skrubu nne, akatoa kile kilichokufa, akaunganisha nyaya za kipya, nyekundu kwa nyekundu, akapitisha kihisio kwenye tundu mpaka kikaning'inia usawa wa mayai. Vidole vyake havikukosea. Akabonyeza. Taa zikawaka. Wakangoja, wote wawili wamebana pumzi, mpaka thelathini na saba na nusu.

Tak. Taa zikazima zenyewe.

Mama Vifaranga alibaki ameutazama waya ule uliokaa ukutani bila kushikwa na mtu. Kisha akaegemeza mgongo kwenye mguu wa meza, akalia. Hakulia sana. Alilia kama mtu anayetua ndoo.

"Tumepoteza mangapi?" Kiwembe aliuliza.

"Sijui. Mara mbili yalifika thelathini na tisa na nusu. Tutajua kesho."

"Mimi ndiye niliyeharibu namba. Na saa sikuuliza."

"Saa niliandika mimi," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Kinyozi hajinyoi, na mimi sikujiandikia vizuri. Lakini vile vipembe vya kijani, we baba! Wifi akijua atakuua."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

*

Asubuhi yake, saa mbili, Kiwembe alikuwa amevaa koti la kazi, anapita ubavuubavu kati ya mashine na ukuta, kama alivyopita kila asubuhi. Mkewe alikuwa kwenye kigoda mbele ya kioo.

"Mmoja," alisema.

Alisimama. Alitaka kuchungulia kwa juu, aendelee na safari yake. Kwenye trei ya pili yai moja lilikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mchele, na ndani ya tundu kitu kilikuwa kinasukuma. Kikapumzika. Kikasukuma. Ufa ukatembea polepole kulizunguka yai, kwa unyoofu ambao yeye, mtu wa kuchora mistari vichwani mwa watu, hakuwahi kuupata kwa wembe. Kisha kifuniko cha ganda kikainuka, na kitu kilicholowa, kibaya cha kutisha, chenye shingo kama uzi, kikamwagika nje, kikalala kama kilichokufa.

"Kimekufa?"

"Kinapumua. Tazama ubavuni."

Ubavu ulipanda na kushuka. Pembeni yake yai lingine lilitikisika. Kwenye trei ya juu lingine lilikuwa na ufa, na chini kabisa matatu kwa pamoja, na kelele ndani ya kabati lile la mbao ikawa kama soko linalofunguliwa. Si yote yaliyotikisika. Upande wa nyuma, karibu na taa, safu nzima ilikuwa kimya, na mkewe aliitazama mara kwa mara. Lakini mbele yaliendelea kupasuka moja baada ya jingine, na hakuna mtu aliyeyaambia yaanze.

Kiwembe alitambua kwamba alikuwa amepiga magoti. Hakukumbuka alipiga saa ngapi.

"Miaka minne mashine hii iko humu ndani," mkewe alisema taratibu, akimtazama yeye badala ya mayai. "Hujawahi kuona?"

Alitikisa kichwa. Aliona haya, haya kubwa, na mshangao uliokuwa mkubwa kuliko haya. Macho yalimjaa na hakuyaficha. Kila siku alikuwa amepita hapa na ubavu wake, akilaumu kabati kwa kuziba njia.

"Sijawahi," alisema.

Mama Vifaranga alisogea kwenye kigoda, akabaki amekalia nusu yake.

"Kaa basi," alisema. "Ndiyo kwanza wanaanza."